"Usafiri Bure": Hisani au Hadaa?



Hapa Nzega kina mama na vijana wetu huuza asali na mchele kwa njia ya simu, kisha hutuma mzigo kwa basi hadi Dar es Salaam. Je, yafaa kumwahidi mnunuzi usafiri wa bure?

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na mpagazi alikuwa na ujira wake. Leo pia basi lina malipo yake, na bodaboda ana jasho lake.

Muuzaji akilipia mzigo kutoka katika faida yake, hiyo ni hisani. Akijumuisha gharama katika bei na kusema hivyo wazi, ni halali. Lakini tuseme asali ya shilingi 30,000 aipandishe hadi 35,000 kwa ajili ya mzigo, kisha atangaze "bure": neno hilo ni uongo, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi.

Naye atoaye bure bila hesabu, akishindana na wenye mitaji mikubwa, asijekula riziki ya wanawe au kumpunja bodaboda.

Basi na tutaje bei ya bidhaa na ya mzigo, mnunuzi aridhie akijua.

Wabillahi tawfiq.