Ratiba ya mazoezi iliyotungwa na mashine: Nani mwenye dhamana?

Walimu wa mazoezi ya viungo katika miji yetu wamepata msaidizi mpya. Zamani mwalimu alikesha na daftari lake akimwandalia kila mteja ratiba ya wiki: siku ya kuchuchumaa, siku ya kunyanyua vyuma, siku ya kutembea. Leo huandika maneno machache kwenye simu, na programu ya akili unde ikamletea ratiba ya wiki 12 kabla chai yake haijapoa. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kazi hiyo imekuwa nyepesi kiasi kwamba hata asiye mwalimu anaweza kujivika ualimu. Kwa kuwa wanaokabidhi miili yao kwa ratiba hizo ni mama zetu, baba zetu na vijana wetu, tumeona vema familia zikalifahamu jambo hili.

Tuanze kwa kumpa msaidizi huyu haki yake. Kanuni kubwa za mazoezi zimeandikwa kwa wingi, naye amezisoma. Anajua kwamba uzito huongezwa kidogo kidogo, kanuni ambayo daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliitumia katika miaka ya 1940 kuwarejeshea nguvu askari majeruhi. Anajua pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na aimarishe misuli angalau siku 2. Mwalimu mwenye wateja wengi akipunguziwa kazi ya kuandika, muda aliouokoa anaweza kuutumia kumtazama mteja anavyopiga magoti, anavyopumua na anavyoshika chuma.

Tatizo ni kwamba mashine haimwoni mteja. Hupanga maneno kwa kufuata mfano wa yale iliyoyasoma, na asichoambiwa msaidizi huyu hukijaza kwa makisio, kwa lugha ya kujiamini ile ile anayoitumia katika mambo ya hakika.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 52 ana shinikizo la damu na anameza dawa za kundi linalopunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mwalimu hakumuuliza, akaandika tu: mwanamke, miaka 52, anataka kupunguza uzito. Mashine ikachukua hesabu iliyozoeleka, 220 kutoa umri, ikapata 168, kisha ikamtaka mama huyo afikishe asilimia 70 hadi 80 ya hapo, yaani mapigo 118 hadi 134 kwa dakika. Hesabu haina kosa, lakini mwili anaopewa si huo. Dawa inauzuia moyo usipande, naye atajikaza kuifukuza namba ambayo huenda asiifikie kwa usalama. Mwalimu mwenye ujuzi angeiacha namba hiyo na kumwambia atembee kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi, tena baada ya kupata ushauri wa daktari wake.

Hatari ya pili imejificha katika kurekebisha. Mteja analalamika goti, mwalimu anaiomba programu iondoe zoezi moja. Mara nyingine programu huiandika ratiba yote upya, na mabadiliko yasiyoombwa yakaingia kimyakimya. Uzito uliopunguzwa mwezi uliopita kwa ajili ya maumivu ya mgongo unaweza kurudi katika wiki ya tatu bila mtu kutambua. Dawa yake ni mwalimu kuhifadhi ratiba ya zamani na kuilinganisha na mpya mstari kwa mstari. Kuiomba mashine itaje ilichobadilisha kunasaidia, ila hata orodha hiyo yapasa ihakikiwe.

Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake. Mashine isipoambiwa kwamba mteja amefunga, inaweza kumpangia mazoezi mazito mchana na kumhimiza anywe maji kati ya seti. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, saumu na mazoezi kwa pamoja vinaweza kuishusha sukari kwa kiwango cha hatari. Mtu wa namna hiyo aanze kwa daktari, kisha ndipo aende kwa mwalimu.

Lipo pia suala la siri. Maradhi ya mtu, ujauzito wake na picha za mwili wake ni amana. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Zote zinazipa taarifa za afya uzito wa pekee. Mwalimu hana sababu ya kuingiza jina la mteja, namba ya simu wala picha yake katika programu. Umri, hali ya afya na lengo vyatosha, navyo viingizwe kwa ridhaa ya mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipa ada ya mwezi, muulize mwalimu maswali manne. Je, anatumia akili unde kuandaa ratiba? Je, amekuuliza kuhusu maradhi, dawa na majeraha kabla ya kuandika chochote? Je, anaweza kukueleza kwa maneno yake sababu ya kila zoezi? Je, taarifa zako anazihifadhi wapi? Mwalimu mwadilifu hataudhika. Anayeshindwa kueleza ratiba aliyoitoa yeye mwenyewe, huenda hata hajaisoma.

Nasi wateja tuna sehemu yetu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeona haya kumwambia mwalimu kuhusu presha yake amemnyima mwalimu, pamoja na mashine yake, kile hasa kinachohitajika. Likitokea jeraha, programu haitaulizwa wala haitamsindikiza mgonjwa hospitalini. Ratiba ni ya mwalimu aliyeikabidhi, na dhamana yake ni juu yake, hata kama hakuandika neno moja kwa mkono wake.