Dalili Zilizoonekana Kanungu

Ijumaa, tarehe 17 Machi, 2000, huko Kanungu, Uganda, nyumba ya sala iliungua na mamia ya watu ndani yake, wakubwa kwa watoto. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari. Baadaye maiti wengi walifukuliwa katika nyumba nyingine za chama hicho, na jumla ya waliokufa ikapita 700.

Sisi Wakatoliki tusidhani kuwa hayo ni mambo ya watu wengine. Chama kile kilijidai kurudisha Amri Kumi za Mungu, na wakubwa wake walitoka kwetu: Credonia Mwerinde, aliyedai kutokewa na Bikira Maria, Joseph Kibwetere, mwalimu wa zamani aliyeheshimiwa, na Dominic Kataribabo, padre mwenye elimu kubwa. Kusali walisali, kufunga walifunga. Ndiyo maana watu wema waliwafuata.

Basi, wazazi, tutawatambuaje watu wa namna hii? Si kwa wingi wa sala, bali kwa jinsi wanavyomkata mtu na watu wake. Aliyeingia Kanungu aliuza shamba na ng'ombe, fedha akawakabidhi wakubwa. Mume alitengwa na mkewe, watoto na wazazi wao. Kisha wakakatazwa kusema, wakawa wakionyeshana kwa mikono, ati wasivunje Amri ya Nane. (Wengi wetu twaivunja, lakini dawa yake si kuwa bubu!) Asiyesema hawezi kuuliza, na mama mwenye shaka hajui kwamba mwenziwe naye ana shaka. Waliambiwa dunia itakwisha tarehe 31 Desemba, 1999. Siku ilipopita, wengine walianza kudai mali zao. Hawakuishi sana.

Askofu alikuwa amekwisha kuwasimamisha mapadre wa chama hicho. Lakini barua ya Askofu haifiki jikoni mwa mtu. Afikaye ni jirani. Na kurudi kwawezekana: Padre Paul Ikazire, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wao, aliwaacha mwaka 1994 akarudi Kanisani.

Kwa hiyo ndugu yako akianza kujitenga, usimcheke wala usimfukuze. Huko aendako wamekwisha kumwambia kwamba jamaa zake watamchukia, ukimtukana, umewasaidia. Mpelekee ndizi, mwalike arusini na msibani, mwulize habari za watoto, naye akikujibu vibaya, rudi tena juma lijalo.

Lakini kwa watoto usingoje. Katika msitu wa Shakahola, Kenya, tangu mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, nyingi za watoto, na mhubiri mmoja alishtakiwa kwa kuwaagiza wafuasi wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mtoto wa jirani akiondolewa shuleni, au akinyimwa chakula au dawa kwa jina la dini, mwambie padre, mwenyekiti wa kijiji na polisi siku ileile, hata kama baba yake ni rafiki yako.