Sinema inayojipanga yenyewe



Wiki iliyopita wengine walituona nyuma ya darasa la sita tukitupa dadu ya ludo, wakaenda kusema kwamba viongozi wa wanafunzi wanacheza pesa. Hapana. Tulikuwa tunatengeneza sinema.

Tulipiga kwa telefone vipande 6 vya video, kila kimoja sekunde 10: ukungu wa asubuhi hapa Butembo, chukudu ikishuka na mizigo, pikipiki barabarani, wanakwaya wakijifunza wimbo, mama akitwanga sombe, na mvua juu ya mabati. Kwa kawaida mtengeneza sinema ndiye anasema hiki kitangulie, kile kifuate. Sisi tuliacha dadu ipange. Ikitoka 4, tunaonyesha wanakwaya. Ikitoka 6, mvua. Namba ikirudi, tunatupa tena. Ni vipande 6 tu, lakini namna za kuvipanga ni 720. Zidisheni wenyewe: 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1. Tukiruhusu kipande kurudia, zinafika 46 656.

Kompyuta inafanya vile vile, ila haichoki. Unaipa vipande na sheria, yenyewe inatupa kura. Sinema «Eno» ya Gary Hustwit, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Januari 2024, inapangwa hivyo na programu: watu wa leo na watu wa kesho hawaoni sinema moja. Kwa kujifunza iko programu ya bure, Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianzisha Marekani mwaka 2001.

Tena kompyuta inaingia ndani ya picha yenyewe. Video ni picha zilizosimama, mara nyingi 25 ao 30 kwa sekunde, zinazopita mbio mpaka jicho linadanganyika. Kila picha ni nukta zilizopangwa kwa mistari. Kama upana ni nukta 1280 na urefu 720, jumla ni 921 600, na kila nukta ni namba tatu tu: ya nyekundu, ya kijani, ya bluu. Basi tuliipa sheria hii: toa picha iliyotangulia katika picha inayofuata. Mahali ambapo hakuna kilichotikisika, jibu ni 0, ni kusema giza. Kinachotembea kinang’aa. Katika kipande cha sombe nyumba ilipotea, kinu kikapotea, hata uso wa mama ukapotea juu alituliza kichwa. Ikabaki mikono na mtwangio, vikipanda na kushuka gizani. Tulinyamaza wote.

Sasa jambo lililotutesa. Mwenzetu mwenye jamaa Beni alileta video zake: soko, harusi, na mazishi ya watu waliouawa. Mnajua mauaji ya kule tangu Oktoba 2014. Tuliziweka zote. Dadu ikatoa harusi, kisha sanduku la maiti, kisha harusi tena. Hakuna aliyecheka. Wengine walisema tuache hivyo, kwani Beni ndivyo watu wanaishi, harusi na kilio katika barabara moja, juma moja. Wengine wakajibu kwamba yule mama anayelia hakutoa ruhusa machozi yake yachezewe na dadu. Tulibishana mpaka kengele.

Mwisho mmoja alitukumbusha Matendo 1. Mitume walipiga kura kumpata wa kumi na mbili, ndiyo, lakini kwanza walisimamisha watu wawili waliowajua vizuri, Yusufu Barsaba na Mathiya. Kura haikutupwa juu ya kila mtu aliyepita Yerusalema. Sisi tulitupa kila kitu ndani ya kikapu, halafu tukataka kusema ni dadu iliyokosa.

Mazishi tumeyaondoa. Wenye kuonekana sura tunawauliza mbele. Barriere na askari hatupigi kabisa, na sababu mnaijua.

Jumamosi, kama mafuta ya jenereta yatapatikana, tutaonyesha juu ya shuka katika chumba cha kulia. Mama wa sombe tulimwonyesha kwanza. Aliuliza, «Sura yangu mumeipeleka wapi?» Amekubali, ila anaomba tumpige tena akiwa na kitenge kipya.