Chumba Kimoja, Wapangaji Wengi

Mfasiri akikutana na neno la Kiingereza “cell”, asikimbilie kamusi. Aulize kwanza: anayesema ni nani? Akiwa askari polisi, ni selo. Akiwa mwalimu wa baiolojia, ni seli. Fundi wa betri, mhasibu aliyefungua jedwali kwenye kompyuta na mhandisi wa mitandao ya simu nao kila mmoja ana ya kwake.

Asili ya neno hili ni Kilatini, “cella”, yaani chumba kidogo au ghala. Watawa wa Kikristo waliviita hivyo vijumba vyao vya kulala na kusali, na magereza yakarithi. Hadi hapo maana haikuwa na utata: nafasi finyu iliyozungushiwa kuta.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chake, Micrographia, mjini London. Alikuwa amekata kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini, akaona vijishimo vimepangana kama sega la nyuki. Akavipa jina la vyumba. Kwa hesabu yake, inchi moja ya ujazo ilibeba zaidi ya bilioni 1. Lakini gome lile lilikuwa limekufa siku nyingi. Hooke aliona kuta tu. Mwenye nyumba alishahama. Wajerumani Matthias Schleiden na Theodor Schwann walipoeleza, mwaka 1838 na 1839, kwamba mimea na wanyama hujengwa kwa vitu hivyo, jina lilikwishazoeleka. Basi mpaka leo Kiingereza huita kiini cha uhai kwa jina la chumba kitupu.

Kiswahili kimepita njia mbili. Tulikopa seli, tukaiambatanisha na mundu, tukapata selimundu: ugonjwa ambao seli nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu. Pia tunayo chembehai, chembe yenye uhai. Hooke alitaja ukuta. Neno hili linataja kilichomo ndani yake.

Kwenye betri, chumba ni chumba kweli. Betri ya gari ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2. Ile ya kuongezwa maji huwa na vifuniko sita, na fundi hukagua kimoja kimoja, kwani chumba kimoja kikifa, betri nzima hulegea. Kwa mhasibu, ni kisanduku kimoja cha jedwali, pale safu na mstari vinapokutana.

Kwa mhandisi wa simu hakuna hata ukuta. Yeye anazungumzia eneo linalohudumiwa na mnara. Mwaka 1947 wahandisi wa Bell Labs, Marekani, walipendekeza nchi igawanywe katika maeneo madogo ya pembe sita, ili masafa yale yale ya redio yatumike tena katika maeneo yasiyopakana. Ndiyo sababu Wamarekani huitaja simu ya mfumo huo kwa jina la chumba, na sisi tukaitaja kwa mkono unaoishika.

Siasa nayo ina yake. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU nchini Tanzania kiliwapanga wanachama wake kwa nyumba kumi kumi. Waandishi wa Kiingereza wakatumia neno lile lile la chumba, ambalo katika siasa hunuka siri na kunong’onezana. Kwa Kiswahili likawa shina, na kiongozi wake akawa balozi wa nyumba kumi. Shina halijifichi; ndilo linalobeba matawi.

Selo, seli, chembehai, kisanduku, eneo, shina: Kiingereza kimewapangisha wote chumba kimoja, sisi tumempa kila mmoja nyumba yake. Anayeandika “selo ya betri” hakukosea kamusi. Ameingia bila kupiga hodi.