Safari ya Theluji Huanza Miguuni

Kuanzia Septemba, maduka ya vifaa vya michezo ya Munich, Lyon na Zürich huondoa baiskeli dirishani na kuweka skii. Familia nyingi zinazopanga likizo ya Alps hununua kwa utaratibu ule ule: kwanza jaketi kwa kuwa linapendeza, kisha skii kwa kuwa ndizo zinazoonekana, na mwisho mabuti kwa pesa iliyobaki. Utaratibu huo ugeuzwe. Kwa anayetaka kuupenda mchezo huu na kudumu nao, pesa ya kwanza iende kwenye buti, ya pili kwa mwalimu, na skii zikodiwe.

Buti ndilo usukani. Mtelezaji anapoinamisha mguu wake, buti ndilo linalopeleka mwinamo huo mpaka kwenye ukingo wa chuma wa skii, na ukingo ukiuma theluji ndipo skii hugeuka. Kisigino kikicheza ndani ya buti, mguu umeshageuka na skii bado inakwenda ilikotaka. Mtu huona dawa ni kukaza vifungo, damu haifiki vidoleni, vidole vinakufa ganzi, na kabla ya saa sita mchana amekaa mgahawani analia kwa maumivu. Wengi wa namna hiyo huamini kwamba hawana kipaji na hawarudi tena mlimani. Inasikitisha, maana tatizo lao lilikuwa la sentimita moja na nusu.

Mabuti haya hayafuati namba za viatu vya mtaani. Kipimo chake, Mondopoint, ni urefu wa unyayo kwa sentimita: 24.5, 26, 27.5 na kuendelea. Simama ukutani, kisigino kikigusa ukuta, upime mpaka ncha ya kidole kirefu. Kisha pima mguu wa pili, kwani ni nadra miguu miwili ilingane. Fanya hivyo alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kazi za siku. Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi mpaka waulizwe: buti la 26 na la 26.5 la aina moja huwa na ganda moja la plastiki. Kwa hiyo kuongeza nusu saizi kwa kutafuta nafasi mara nyingi hakubadilishi lolote.

Fundi wa kweli wa mabuti utamjua kwa kazi yake. Atatoa buti la ndani, lile laini, akuambie uingize mguu mtupu ndani ya ganda na kuusogeza mpaka vidole viguse mbele. Kisha ataangalia nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Kati ya sentimita 1 na 2 ni sawa. Zaidi ya hapo buti ni kubwa, hata kama unajisikia raha dukani. Buti la ndani likisharudishwa, vidole viguse mbele unaposimama wima, na virudi nyuma kidogo unapokunja magoti. Kaa nalo mguuni nusu saa, zungumza, tembea, kunja magoti. Soksi iwe moja, nyembamba, ya sufu, ndefu hadi chini ya goti. Soksi mbili hujikunja, hubana damu na huleta baridi ile ile uliyokuwa unaikimbia.

Utakuta pia namba ya ugumu, kwa kawaida kati ya 60 na 130. Isikubabaishe. Watengenezaji hawana kipimo kimoja cha pamoja, na buti la 100 la kampuni moja linaweza kuwa laini kuliko la 90 la nyingine. Anayejifunza anahitaji buti linalokubali kupinda mbele kwa uzito wake mwenyewe. Upana ni muhimu zaidi ya ugumu: milimita 98 kwenye sehemu pana ya mguu ni buti jembamba, 102 na kuendelea ni pana. Kifundo kikiminywa mahali pamoja, plastiki inaweza kupashwa moto na kusukumwa nje. Ndiyo maana duka lenye fundi lina faida kubwa kuliko bei nafuu ya mtandaoni.

Hata hivyo, anayekwenda mara ya kwanza asinunue hata buti. Akodi, lakini akodi kwa vipimo hivyo hivyo, na achukue vifaa jioni ya kuamkia siku ya kwanza, kabla foleni ya asubuhi haijajaa. Buti likimsumbua alirudishe. Maduka ya kukodisha hubadilisha kila siku, wala hakuna aibu.

Kwenye skii hakuna mengi ya kuhangaisha. Urefu kati ya kidevu na pua unamfaa anayeanza, na upana wa katikati usiozidi sana milimita 80 unamtosha kwenye njia zilizolainishwa. Zile pana za 100 na zaidi ni za theluji laini yenye kina. Anayejifunza nazo anajipa mzigo bure. Lililo zito ni vifungio vinavyoshika buti kwenye skii. Namba ya kuachia, ambayo wengi huiita DIN, hupangwa kwa uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na kiwango cha mtelezaji. Ikiwa juu mno, skii haitaachia mtu akianguka, na goti ndilo litakalolipa. Basi ukiulizwa uzito wako, sema uzito wako wa leo. Ukiulizwa kiwango, sema unaanza. Na usiiguse namba hiyo kwa bisibisi yako.

Anayechagua ubao mmoja wa theluji badala ya skii mbili atapata mabuti laini anayoweza kutembea nayo mjini, ila siku za mwanzo ataanguka sana kwa kukaa na kwa mikono. Vikinga vya kifundo cha mkono ni vya bei ndogo na huzuia mivunjiko mingi. Ningependa kila duka livitoe pamoja na ubao. Helmeti ni kwa wote, yenye alama ya EN 1077 kwa Ulaya au ASTM F2040 kwa Marekani.

Sasa mahali na tarehe. Anayetafuta hoteli huanza kwa picha, ilhali namba ya kuanza nayo ni mwinuko. Val Thorens nchini Ufaransa ipo mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kijiji chenyewe. Kitzbühel ya Austria, mji mzuri wenye mashindano makubwa ya Januari, upo chini ya mita 800. Vyote ni vituo vikubwa, lakini Krismasi yenye hewa ya joto itavitofautisha kabisa. Mashine za kutengeneza theluji husaidia, lakini zinahitaji baridi na hewa kavu. Upepo wa joto ukivuma, zinanyamaza. Majira ya theluji yanazidi kufupika katika vituo vya chini, na anayelipa miezi sita kabla ana haki ya kulifikiria hilo. Tazama mwinuko wa kijiji, mwinuko wa lifti ya juu kabisa, na kama miteremko inaelekea kaskazini, upande ambao jua la majira ya baridi haliupigi sana.

Kwa tarehe, kama watoto hawakufungi na ratiba ya shule, chagua wiki zinazofuata Mwaka Mpya. Bei hushuka, theluji ni baridi na kavu, foleni ni fupi. Februari ni mwezi wa kuogopa: Ufaransa imegawanya shule zake katika kanda tatu zinazopokezana likizo, na kwa takriban wiki nne milima hujaa. Machi ina siku ndefu na jua zuri, mradi uwe juu. Asubuhi theluji ni ngumu kama barafu, alasiri imekuwa uji.

Usinunue pasi kubwa ya lifti bila sababu. Eneo la Les 3 Vallées nchini Ufaransa lina takriban kilomita 600 za njia, na anayeanza ataishi siku zake za kwanza kwenye lifti chache za chini. Vituo vingi huuza pasi ndogo ya wanaojifunza, na baadhi huziacha lifti hizo bure. Akiba hiyo mpe mwalimu. Katika vituo vya Ufaransa utawatambua walimu wa shule ya skii ya ESF kwa makoti yao mekundu, na madarasa ya watoto huwahi kujaa. Nasisitiza hili kwa familia: mume asimfundishe mke, wala kaka asimfundishe mdogo wake. Mwenye mazoea amesahau hofu ilivyo, na ugomvi wa mlimani hurudi na watu nyumbani.

Nguo ni tabaka tatu: la sufu au kitambaa kinachokauka haraka, la kuhifadhi joto, na la kuzuia maji na upepo. Pamba iache hotelini, kwani ikilowa jasho hukugandisha. Jua nalo watu weusi wengi hulidharau. Miale ya jua huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni kwako. Rangi ya ngozi hupunguza madhara, lakini midomo huchanika na macho hayana kinga. Miwani ya theluji iwe na kioo cha daraja la S3 kwa siku ya jua, na S1 kwa siku ya ukungu.

Nje ya njia zilizowekewa alama ni dunia nyingine. Huko kila mtu abebe kifaa cha mawimbi ya redio cha kilohezi 457, koleo na kijiti kirefu cha kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, na ajue kuvitumia, kwani aliyefukiwa ana dakika chache tu. Taarifa ya hatari ya maporomoko, kutoka 1 hadi 5, hutolewa kila siku. Hakikisha bima yako inataja michezo ya theluji na helikopta ya uokoaji. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haizitaji.

Mchezo huu una Waafrika wake. Philip Boit wa Kenya alishindana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998 katika mbio za skii za masafa, na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliteremka kwenye ile ya Pyeongchang mwaka 2018. Wala si lazima kwenda Ulaya. Afriski ya Lesotho, katika milima ya Maluti, ipo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na majira yake ni Juni hadi Agosti. Mteremko mkuu ni wa kilomita moja hivi, theluji nyingi hutengenezwa kwa mashine, na vifaa hukodishwa pale pale. Kwa msafiri wa Dar es Salaam au Nairobi, njia ni ndege hadi Johannesburg, kisha gari kupitia Butha-Buthe na kupanda mlima wa Moteng. Barabara hiyo ni ya kona kali na hushika barafu, kwa hiyo panga kuipita mchana.