Makaburi ya Ukoo Yatunzwe na Wenyewe

Karibu na Fort Jesus, mjini Mombasa, yapo makaburi ya Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo hadi mwaka 1837. Profesa Ali Mazrui alipofariki nchini Marekani mnamo Oktoba 2014, maiti yake ilirejeshwa Mombasa akazikwa hapo, miongoni mwa jamaa zake waliotangulia. Makaburi hayo, basi, si magofu ya kutazamwa tu. Walio hai wangali na haki na wajibu juu yake.

Mfano huo yafaa uzingatiwe na kila ukoo wenye makaburi ya kale. Wengi wetu huketi tukiingojea serikali. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2006 inalinda turathi za taifa. Hata hivyo, afisa aweza kujenga ua, lakini hawezi kujua nani kalala wapi. Ujuzi huo wanao wazee, nao wanapungua. Mizizi hupasua chokaa, chumvi ya bahari hula mawe, na kaburi lisilo na jina huwa kiwanja tu machoni pa mnyakuzi wa ardhi.

Wajukuu na wakutane, wa mjini na wa mashambani: wafyeke magugu, wachore ramani, waandike kila jina. Walimu wa historia nao wawatume wanafunzi kwa wazee, daftari mkononi. Mwacha asili ni mtumwa. Nayo asili isiyojulikana imekwisha kuachwa.