Rebmann wa Rabai

Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen katika Ujerumani, aliposhuka Mombasa mwaka 1846 kumsaidia mmisionari Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na kitoto chao kichanga katika pwani ile ile, hapana shaka alikwisha fahamu kwamba kazi aliyoitiwa na Mola wake haina ujira wa kidunia.

Wakafanya makao Rabai, karibu na Mombasa, na homa ikawalaza mara kwa mara. Mtu wao wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, naye alifariki punde baada ya ubatizo wake. Mwaka 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na alimu mmoja wa London, ambaye hakupata kukanyaga bara hili, akamkadhibisha hadharani.

Krapf alirejea kwao kwa maradhi, Rebmann alibaki. Alifiwa na mkewe, Emma, mwaka 1866, na bado akaketi na waumini wale wachache, akikusanya maneno ya Kiswahili na ya Kinyanja hata nuru ya macho ikamtoka. Nami naona ufuasi wake ulikuwa hapo hasa, wala si katika safari ile ya mlimani ambayo watu hupenda kuisimulia. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 pasipo kuiona Ulaya, alirejea huko kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai; akafariki Korntal, Ujerumani, mwaka uliofuata, na kamusi yake ya Kinyanja ikachapishwa 1877 kwa juhudi ya Krapf.